Tumbaku Niliyoipokea Bila Kuuliza

14 Agosti

Maji yameshuka vidole vitatu tangu Jumapili. Mpunga wa mwituni umesimama vizuri upande wa kaskazini wa ziwa lakini bado una maziwa. Nimeminya punje moja kwa ukucha ikatoka nyeupe. Wiki mbili, labda tatu. Daftari hili ni la mpunga, na kwa miaka ishirini na sita sijaandika humu kitu kingine, kwa kuwa mimi ndiye ninayewaambia watu ziwa linafunguliwa lini kwa mavuno, na mwenye kazi hiyo lazima awe na kumbukumbu.

Mwaka huu nitaandika na jambo la pili. Kuna mwanamke amehamia nyumba ya nyuma ya zahanati, ana gari dogo la kijivu na kitabu cha kuandikia asichokiacha hata akienda kununua maziwa. Anaitwa Odette Bruyere. Wanasema ni mshauri wa vijana. Huyo namtazama.

15 Agosti

Upepo wa kusini. Gari la kijivu limepita mara mbili.

17 Agosti

Leland amekuja kuziba ufa wa mtumbwi. Ni binamu yangu, na kwetu binamu wa namna yake ni mtani mpaka kaburini. Yeye husimama nyuma na upondo, mimi hukaa mbele na vijiti vyangu viwili na kuupiga mpunga uangukie ndani. Tumefanya hivyo tangu mume wangu afariki.

"Umenenepa, Delphine," akasema. "Mwaka huu nitahitaji upondo wa chuma."

"Na wewe ulivyokauka, nitakutumia wewe uwe upondo."

Nikamuuliza habari za yule mwanamke, kwani Leland huwa anajua kila kitu. Akasema ameleta cherehani tatu. Jumanne na Alhamisi vijana wanakaa naye nyuma ya uwanja wa hoki ya barafu, wanashona, wanakula mkate wa kukaanga.

"Na yeye anaandika nini?"

"Muulize."

"Mtu mwenye sauti laini, anayewapa watoto chakula huku akiandika, mimi nishamwona, Leland. Na wewe umemwona."

Akaendelea kuziba ufa. Tulichukuliwa kwa nguvu siku moja, kama watoto wengi wa wenyeji, lori moja, kwenda shule ya bweni ya watawa, yeye ana miaka minane na mimi saba.

Corbin naye anakwenda huko kwenye cherehani. Ni mjukuu wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na mitano. Mama yake, Rhonda, yuko Thunder Bay kwa sababu ya figo, mara tatu kwa wiki yuko kwenye mashine, hawezi kurudi. Basi mtoto yuko kwangu. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, maana tangu lini mtu akahitaji karatasi kumlea mjukuu wa dada yake? Lakini ofisi ya watoto ya mjini inapenda karatasi kuliko inavyopenda watoto. Na majira ya kuchipua tulimzika kijana wa miaka kumi na saba, aliyejiua mwenyewe. Tangu siku ile nasikiliza hatua za Corbin ndani ya nyumba. Sitaki kumpoteza, si kwa ofisi wala kwa udongo.

19 Agosti

Nimefanya jambo la kijinga na sijui nitatokaje.

Asubuhi watu wanne walikuja na tumbaku. Kabla ziwa halijafunguliwa kila nyumba huniletea kidogo, imefungwa kwenye kitambaa, nami naipeleka majini kwa niaba yao. Nilikuwa kibarazani nasafisha samaki, mikono imejaa magamba, napokea na kuweka rafuni, napokea na kuweka. Wa tano alikuwa yeye. Alininyooshea kifurushi chekundu, nikakitwaa, nikakiweka pamoja na vingine, nikasema, "Haya, nitaipeleka."

Hakuondoka.

"Shangazi, hii si ya ziwa," akasema.

"Ni ya nini basi?"

"Ni ya kukuomba. Kuna vijana kwenye kikundi changu, wasichana wanaowapenda wasichana, wavulana wanaowapenda wavulana, na wengine wana roho mbili, ya kiume na ya kike. Wanadhani wao ndio wa kwanza kuzaliwa hivyo hapa. Nimesikia kwenu kulikuwa na Bibi Zhashagi. Naomba uje uwasimulie."

Jina hilo sijalisikia likitamkwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilihisi kama mtu amefungua sanduku langu la nguo bila kubisha hodi.

"Umenitega," nikamwambia. "Mtu hutaja haja yake kwanza, ndipo anatoa tumbaku. Kwenu hawakukufundisha?"

"Kwetu sikulelewa," akasema. "Nililelewa na wazungu, Winnipeg. Haya nimejifunza ukubwani, na pengine nimeyajifunza kinyume. Samahani. Ukitaka nirudishie."

Sasa nani hurudisha tumbaku? Ikishapokelewa imepokelewa. Aliyeipokea amekubali, awe amesikia au hajasikia. Ningeirudisha ningekuwa nimewatukana wazee wote walionitangulia. Na yeye hilo analijua au halijui? Hapo ndipo ninapokwama. Kama halijui, ni mjinga. Kama analijua, ni mjanja, na mjanja mwenye kitabu cha kuandikia ni wa kuogopwa.

"Baada ya mpunga," nikamwambia.

"Baada ya mpunga ni lini?"

"Ni baada ya mpunga."

Akashukuru, akaondoka. Kabla ya kuwasha gari aliandika kitu. Nani amempa jina lile?

22 Agosti

Mvua ya manyunyu. Maziwa ndani ya punje yanaanza kuganda. Kifurushi chekundu bado kiko rafuni. Vingine nimevipeleka majini, hicho sina pa kukipeleka.

24 Agosti

Nimemuuliza Corbin wanaongea nini huko kwenye cherehani.

"Mambo tu, Bibi."

"Mambo gani?"

"Ya kushona."

"Na mshauri anauliza habari za nyumbani?"

"Anauliza kama nimelala vizuri."

Hivyo ndivyo huanza. Kwanza umelala vizuri, kisha umelala wapi, kisha umelala na nani chumba kimoja, kisha lori.

27 Agosti

Leo nimefungua mlango wa chumba chake bila kubisha. Alikuwa amesimama mbele ya kioo amevaa sketi. Ndefu, nyeusi, ina tepe nne kuzunguka, nyekundu, njano, nyeupe na buluu. Mishono imenyooka kuliko yangu. Ni sketi ya kwenda nayo kwenye karamu ya mpunga, ile ambayo wanawake huvaa.

"Umemshonea nani?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa mbele yangu.

"Nimejishonea mimi."

Nikasema, "Ivue kabla watu hawajaiona." Nilisema kwa sauti ya chini, na nadhani sauti ya chini ilimuumiza zaidi kuliko kama ningefoka. Aliivua na kuikunja vizuri, kisha akaketi kitandani akinipa mgongo.

Si kwamba namchukia. Namwogopea. Mtu akionekana, anatajwa, akitajwa, anafuatwa. Lakini sikumwambia hayo. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

30 Agosti

Punje zimekuwa ngumu. Nimetangaza Jumatatu.

2 Septemba

Ziwa limefunguliwa. Ukungu hadi saa tatu, kisha jua, upepo hakuna. Mitumbwi kumi na tisa. Tumepata magunia manne mimi na Leland.

Corbin aliniomba akae mbele apige. Vijana wa kiume husimama na upondo, hiyo ndiyo kawaida yetu, nami nikampangia upondo katika mtumbwi wa mpwa wa Leland. Alisukuma siku nzima. Jioni viganja vyake vimetoka malengelenge na nikamfunga kwa kitambaa, akaniachia mkono kama mtu anayempa daktari.

Odette naye alikuja, amevaa viatu vya mjini. Alisimama ufukoni akisaidia kubeba magunia. Hakuandika, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

4 Septemba

Magunia matatu. Mgongo.

5 Septemba

Magunia matatu na nusu. Corbin alikwenda majini na Leland mchana nilipokuwa nakaanga mpunga wa juzi. Nilipoinua macho kutoka kwenye moto niliona, kwa mbali, aliyesimama ni Leland na aliyeketi anapiga ni Corbin. Anapiga vizuri, mkono mwepesi, vijiti havionekani. Nikarudi kugeuza mpunga. Leland alipofika alijifanya kufunga kamba.

7 Septemba

Siku ya kufua. Katika mfuko wa suruali ya Corbin nimekuta karatasi, imechanwa kutoka kitabu cha yule mwanamke, mistari ni ileile ya kijani. Wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaketi juu ya ndoo nikaisoma.

Juu ameandika Odette: *Mambo yakiwa mazito, nifanye nini, niende kwa nani.* Chini yake ni mwandiko wa Corbin. Kushona. Kwenda majini mchana. Kwenda kwa Leland, hata usiku, mlango haufungwi. Kumpigia Odette. Halafu kuna neno *Bibi*, na juu yake amepiga mstari.

Nimemlea tangu ana miaka sita. Nimemfundisha kuwasha moto. Nimekata kucha zake. Na mambo yakiwa mazito atapita mbele ya mlango wangu aende kwa Leland, mtu asiyejua hata kupika ugali wa mahindi usiungue.

Na mwandiko wa juu ni wa nani? Wa yule aliyekuja na kitabu. Mtoto hafikirii peke yake kumfuta bibi yake. Kuna aliyemshika mkono.

Nimeirudisha karatasi mfukoni ikiwa imelowa.

8 Septemba

Baada ya ibada nilibaki na Mchungaji Elden. Ni kijana wa hapahapa, mama yake alikuwa rafiki yangu na nilimbadilisha nepi. Ni yeye aliyemzika yule kijana majira ya kuchipua.

Nilimwambia yote. Sketi, cherehani, karatasi. Nilimwambia yule mwanamke ananichukulia mtoto. Nikasema, na nayaandika kama nilivyoyasema, "Mimi sina uwezo naye tena."

"Unadhani atajidhuru, Mama Delphine?"

"Nitajuaje? Haongei na mimi."

Akasali. Nilitoka nikijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

10 Septemba

Upepo wa magharibi, mkali. Nusu ya mpunga wa upande wa wazi umeangukia majini. Huo ni mbegu ya mwakani, wazee husema, lakini hakuna anayekula mwakani.

11 Septemba

Upepo bado. Corbin hakula jioni.

12 Septemba

Hakula tena. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema amechoka. Odette alisimama mlangoni akauliza kama anaweza kuongea naye, nikasema amelala. Alikuwa macho. Odette alijua yuko macho, nami nilijua anajua.

13 Septemba

Ni saa mbili usiku, ndipo nimeketi kuandika.

Saa nne asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Wanawake wawili, mmoja na mkoba. Ofisi ya watoto. Moyo wangu ulisema: ndiyo hiyo, Odette ameshaandika, kitabu kimefika mjini. Niliwafungulia nikiwa tayari nina jina lake mdomoni.

Yule wa mkoba alikuwa na adabu. Aliketi, akatoa karatasi, akasoma. Mtoto wa miaka kumi na mitano. Mama hayupo. Hakuna hati ya malezi. Kuna hofu ya kujidhuru. Halafu akasoma, "Mlezi mwenyewe amekiri kwamba hana uwezo naye tena."

Maneno hayo Odette hajawahi kuyasikia. Niliyasema mahali pamoja tu.

Corbin alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ulisema hivyo, Bibi?"

Ningeweza kusema uongo. Alinisubiri nijibu, kisha akageuka, akapita mlango wa nyuma. Tulidhani amekwenda uani. Yule wa mkoba alipotoka kumtafuta, mtumbwi mdogo haukuwepo na upondo haukuwepo.

Nilikimbia kumwambia Leland, nyumba ya tatu kutoka kwangu; niliporudi wale wawili walikuwa wanataja polisi. Hapo Odette akaja mbio, Mchungaji Elden nyuma yake uso umemvimba kwa kulia. "Niliogopa," akawa ananiambia, "nilimzika mmoja, Mama, niliogopa kumzika wa pili." Siwezi kumlaumu. Aliogopa kama mimi, ila yeye alikuwa na simu, akaipigia ofisi.

Odette alisimama mbele ya wale wawili. "Mkileta boti za polisi atakimbia zaidi," akasema. "Leland ameshatoka na boti ya injini, anapita maji ya wazi. Sisi tunapita ndani ya mpunga. Tupeni mpaka saa nane. Kama hatujamleta, iteni mtakaye." Hakupaza sauti. Yule wa mkoba akatazama saa akakubali.

Injini haiingii kwenye mpunga. Kwa hiyo tulichukua mtumbwi mkubwa, mimi nikaketi mbele na Odette akashika upondo. Maishani mwangu sijaona mtu anayesukuma vibaya namna ile. Alikuwa kama anayetwanga. Tulikwenda pembeni, tukarudi nyuma, nikamwambia achomeke chini asivute juu, akajaribu, tukaenda.

Tulipoingia kwenye mabua nilisema bila kugeuka, "Ni mimi niliyesema."

"Najua, Shangazi."

"Unajuaje?"

"Si maneno yangu. Na mchungaji ameniambia."

"Na wewe kwenye kitabu chako unaandika nini?"

Alisukuma mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Aliyekula na asiyekula. Aliyecheka. Aliyekuwa amelala. Mtoto akiacha kula nataka nijue siku ya kwanza, si siku ya kumi. Majina siandiki."

"Na kunifuta mimi?"

"Aliandika mwenyewe, akafuta mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini. Alisema unamwonea aibu."

Nilitazama maji.

Nilijua alipo. Kuna kisiwa cha mawe ambako zamani familia zetu zilipiga kambi ya mpunga, na Leland alikuwa amempeleka huko wiki ya kwanza ya mpunga. Mtumbwi mdogo ulikuwa umefungwa. Corbin alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na maji, amevaa ile sketi.

"Msishuke," akasema.

Hatukushuka. Odette alichomeka upondo kwenye matope kutushikilia. Kisha akauliza, waziwazi, kama mtu anayeuliza kama umekula, "Corbin, unafikiria kujiua?"

Nilitaka kumziba mdomo. Neno hilo hatukulitamka hata kwenye mazishi. Lakini Corbin hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani.

"Asubuhi nilifikiria," akasema. "Sasa sijui."

"Asante kwa kuniambia. Tunakaa hapa mpaka ujue."

Tukakaa. Ndege mmoja alikuwa anapiga kelele mahali. Odette hakunigeukia, hakunikumbusha kitu, lakini kifurushi chekundu kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu; nilikuwa nimekitwaa rafuni nikitoka bila kujua kwa nini. Nikakifungua, nikaimimina tumbaku majini, nikaanza kusema.

Nilimwambia kwamba mjomba wa mama yangu alikuwa akiketi hapo hapo, kwenye jiwe lile au la jirani yake. Alizaliwa mvulana na akavaa sketi tangu utoto, na hakuna aliyemwambia aivue. Tulimwita Bibi Zhashagi. Mtoto aliyekuwa haongei alipelekwa kwake. Aliyefiwa alipelekwa kwake. Alipiga mpunga kuliko wanawake wote, na aliyemcheka alichapwa na mama yangu. Alinifundisha kushika vijiti, na mimi ndiye niliyemfundisha Corbin, kwa hiyo mkono wake mwepesi umetoka huko.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Hapo nilitamani kunyamaza, lakini tumbaku ilikuwa imeshaingia majini.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemtaja. Shuleni mtawa mmoja alinipa kipande cha keki, akaniuliza nyumbani kwenu mnaishi nani na nani. Alikuwa na sauti nzuri na kitabu cha kuandikia. Nikamwambia yote, na habari za Bibi Zhashagi, kwa sababu nilijivunia. Kiangazi kilichofuata padri alikuja na polisi. Walimkata nywele mbele yetu, wakamvalisha suruali, wakamsimamisha kanisani. Alihamia upande wa pili wa ziwa, hakupiga tena mpunga nasi. Alifariki kabla sijamaliza shule. Sikuwahi kumwomba radhi."

Corbin alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo yeye ulimtaja, na mimi ukanitaja."

"Nilikuwa na miaka saba," nikasema.

"Sasa una sitini na nne, Bibi."

Nililia, na sikuficha uso. Odette hakunibembeleza, na ninamshukuru kwa hilo.

Baada ya muda mrefu Corbin akasimama, akakung'uta sketi.

"Nina njaa," akasema.

Alirudi na mtumbwi wake mwenyewe, mbele yetu, anasukuma bila kelele. Tulifika saa nane kasoro robo.

14 Septemba

Hawakumchukua. Odette ameomba kikao cha familia, tarehe moja Oktoba. Mpaka siku hiyo Corbin atalala kwa Leland. Alikuja na begi kuchukua nguo. Nilimkunjia mashati, akayakunjua na kuyakunja upya.

16 Septemba

Mpunga wa mwisho. Gunia moja na nusu, nyingi makapi. Tulipogeuza mtumbwi, Leland akasema, "Jina la Bibi Zhashagi nilimpa mimi."

"Nilishahisi. Na habari za sketi ulijua tangu lini?"

"Tangu aliponiuliza kama najua kushona. Nikamwambia kushona sijui, najua kunyamaza."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini, Delphine?"

Tukarudi.

19 Septemba

Kukaanga, siku nzima. Moshi machoni.

24 Septemba

Nimekwenda nyuma ya uwanja wa barafu. Vijana saba, cherehani tatu, mkate. Niliketi kwenye kiti cha plastiki na nikawasimulia habari za Bibi Zhashagi, mwanzo hadi mwisho, na sehemu yangu sikuiruka. Msichana mmoja mwenye nywele fupi aliuliza kama mimi ni yule yule aliyewaita watu wa ofisi. Nikasema ndiyo. Akasogeza kiti chake mbali kidogo lakini hakutoka. Corbin alikuwa anatia uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa.

Odette alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia hata yeye bado namtilia shaka kidogo, kwa mazoea. Akasema na yeye ananitilia shaka, kwa hiyo tuko sawa.

27 Septemba

Barafu nyembamba kwenye ndoo.

1 Oktoba

Kikao katika ofisi ya baraza letu. Rhonda kwenye simu kutoka hospitali, sauti imechoka. Yule wa mkoba, Odette, Leland aliyenyoa ndevu, Mchungaji Elden, mimi, na Corbin amevaa sketi yake na koti la hoki juu. Hakuna aliyesema neno kuhusu sketi. Nami nilipoiona niliona jinsi tepe zilivyolala sawasawa, nikasema, "Imekukaa vizuri." Alisema asante kama unavyomwambia mwenye duka.

Yule wa mkoba akamuuliza anataka kuishi wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimefua mapazia ya chumba chake.

"Hapa hapa kwetu," akasema. "Mjini siendi. Nitakaa kwa Leland."

"Na kwa bibi yako?"

Alifikiri. Sijawahi kuona mtoto akifikiri hivyo juu yangu.

"Nampenda Bibi," akasema. "Ila simwamini. Nitakuwa naenda kula kwake Jumapili, nione."

Rhonda akakubali kwenye simu, karatasi zikatiwa sahihi. Kwa Leland ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikisimama kibarazani naona taa yake.

6 Oktoba

Theluji kidogo asubuhi, haikukaa. Mpunga umepepetwa, uko kwenye mifuko, kazi ya mwaka imekwisha.

Corbin alikuja saa saba. Alisimama ndani ya mlango na viatu vyake, akatazama jikoni, akatazama mlango wa nyuma.

"Kuna mtu mwingine anakuja?"

"Hapana. Ni mimi na wewe."

"Mchungaji?"

"Nimemwambia leo nina mgeni, asipite."

"Umemwambia mgeni ni nani?"

"Sikumwambia."

Alinichunguza hivyo hivyo nilivyokuwa nikilichunguza lile gari la kijivu, na nilimwacha anichunguze anavyotaka. Kisha akavua viatu. Nilimpakulia mpunga mpya na bata wa kuchemsha. Alikula sahani ya kwanza. Katikati ya sahani ya pili akaweka uma chini.

"Bibi, nikikuambia kitu, kinabaki hapa?"

"Kinabaki."

Akanitazama muda mrefu.

"Basi nitakuambia siku nyingine," akasema, akaomba chumvi.